Kati ya Vuguvugu na Kutokota: Lugha ya Usalama katika Utayarishaji wa Mbegu za Kitani kwa Farasi na Watu, Nakuru na Bonde la Ufa ya Kati

Utangulizi

Makala haya yanahusu mbegu ndogo, bapa, ya rangi ya kahawia inayong'aa, ambayo katika miaka ya karibuni imeingia katika maduka makubwa ya mjini Nakuru, katika vibanda vya nafaka, na kutoka huko katika unga wa uji. Wanaoiuza huiita kwa jina lake la Kiingereza, na wanaoinunua huambiwa kwamba inasafisha tumbo, inapunguza mafuta mabaya mwilini na inang'arisha manyoya ya farasi. Katika sifa hizo mna ukweli mwingi. Ni nadra, hata hivyo, kumsikia mnunuzi akielezwa namna ya kuitayarisha, na ni nadra zaidi kuyasikia maelezo hayo kwa Kiswahili.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba hatari kubwa ya mbegu hii hutokea pale ambapo mbegu iliyopondwa huachwa ikae katika maji vuguvugu, na kwamba Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa kuieleza hatari hiyo. Wasemaji wa Kiswahili wamepambana na sumu ya jamii iyo hiyo kwa vizazi vingi. Walikutana nayo katika muhogo. Tatizo ni kwamba mafunzo ya muhogo yakihamishiwa kwenye kitani bila kufikiriwa upya, humpoteza mtu.

Kitani na katani

Jina la Kiswahili la mmea huu ni kitani, kutokana na neno la Kiarabu kattani. Katika matumizi, neno hili limeshikamana zaidi na kitambaa kuliko mmea: msomaji wa Biblia ya Kiswahili hukutana na kitani katika mavazi ya makuhani bila kulazimika kujua kwamba kinatokana na mmea wenye maua ya samawati. Neno lilo hilo la Kiarabu lilizaa pia katani, ambalo katika Afrika Mashariki limeelekea kwenye nyuzi za mkonge. Tofauti ni ya irabu moja, lakini si ndogo. Mtu wa Mogotio, kaskazini mwa Nakuru, ambaye ameishi kando ya mashamba ya mkonge, akiambiwa kuhusu "mbegu za katani" atafikiria mmea wenye miiba usioliwa na mtu wala mnyama. Mwandishi wa lebo anayechanganya maneno haya mawili amekwisha kumpoteza msomaji kabla hata hajafika jikoni.

Wenye asili ya Kihindi huiita mbegu hii alsi, na Waethiopia, ambao wamekuwa wakiipanda nyandani kwao kwa ajili ya mbegu tangu zamani, huiita telba. Wenzetu hao wa kaskazini watarejelewa tena hapa chini, kwa sababu desturi yao ya mapishi ina jambo la kufunza.

Kitani na farasi katika Bonde la Ufa

Kinyume na wanavyodhani wengi, kitani si mgeni wa jana katika nyanda hizi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwagawia mashamba askari wa Kizungu waliostaafu, katika mpango ulioanza mwaka wa 1919. Wengi wao walipanda kitani. Vita vilikuwa vimevuruga ugavi kutoka Urusi na Ubelgiji, na bei ya nyuzi ilipanda hadi kufikia pauni 500 kwa tani. Kufikia mwaka wa 1921 bei hiyo ilikuwa imeporomoka hadi kiasi cha pauni 100 au chini yake, na walowezi waliokopa kwa matumaini ya kitani wakafilisika. Zao likatoweka, na pengine hiyo ndiyo sababu halikuacha jina katika vinywa vya wakulima wa leo. Ikumbukwe pia kwamba lilikuwa zao la nyuzi: mabua yaling'olewa, yakavundikwa majini hadi yakalainika, kama watu wa pwani wanavyoyafukia makumbi ya nazi ili wapate usumba. Mbegu ilikuwa jambo la pembeni.

Farasi nao walifika mapema. Lord Delamere alichukua ardhi yake Njoro mwaka wa 1903. Muda si mrefu baadaye, Charles Clutterbuck alianzisha shamba huko na kufuga farasi wa mashindano. Bintiye, Beryl Markham, alikulia katika mazizi hayo, akapata leseni ya kuwafunza farasi akiwa bado kijana mdogo, kisha akasimulia maisha hayo katika kitabu chake cha mwaka wa 1942, West with the Night. Mwenzake wa utotoni aliyeendelea kushughulika naye katika kazi ya farasi alikuwa arap Ruta. Jambo hili linastahili kutiliwa mkazo, kwani historia ya farasi wa Bonde la Ufa huandikwa kwa Kiingereza kana kwamba farasi hao walilishwa na wenye mashamba. Waliowalisha, wakawasugua na kukesha nao walipougua ni masaisi. Neno saisi lenyewe lilisafiri kutoka Uarabuni kupitia Bara Hindi hadi kwenye mazizi ya Njoro na Gilgil, na lugha ya kazi ya saisi ilikuwa, na kwa kiasi kikubwa ingali, Kiswahili.

Katika mazizi ya Uingereza walikotoka walowezi hao, uji wa kitani ulikuwa chakula kinachojulikana cha farasi aliyechoka, aliyekonda au anayepata nafuu. Mbegu nzima ziliroweshwa usiku kucha katika maji baridi, kesho yake zikachemshwa na kuachwa zitokote polepole kwa saa kadhaa hadi zipasuke na kufanya ute mzito. Ute huo, unaofanana na wa bamia au mlenda, ndio uliothaminiwa. Farasi hawakudhurika kwa sababu mbili: mbegu zilikuwa nzima wakati wa kuloweshwa, na hatua ya kuchemsha haikurukwa. Pindi mojawapo ya masharti haya inapoachwa, mambo hubadilika.

Sumu ya muhogo, sumu ya kitani

Jina la kisayansi la kitani ni Linum usitatissimum. Kutokana na Linum wanakemia waliipa jina linamarini, kemikali yenye sianidi iliyofungwa ndani yake pamoja na sukari. Linamarini hiyo hiyo ndiyo iliyo nyingi katika muhogo mchungu. Kwa hiyo mwanamke wa Kilifi anayeloweka muhogo wake anashughulika na kitu kilichopewa jina la mmea ambao huenda hajawahi kuuona. Katika mbegu ya kitani iliyokomaa, kemikali zilizo nyingi zaidi ni ndugu za linamarini, linustatini na neolinustatini, lakini zinafanya kazi kwa njia ile ile.

Njia yenyewe ni hii. Mradi mbegu ni kavu na nzima, kemikali hizo zimetengwa na kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Mbegu ikipondwa, kuta zinazovitenga hivi viwili huvunjika. Maji yakiongezwa, hukutana. Kimeng'enya huikata kemikali, na mwishoni sianidi ya haidrojeni huachiliwa. Katika maji vuguvugu kazi hii huenda kasi. Katika maji yanayotokota kimeng'enya huharibika na kazi husimama.

Hapa ndipo elimu ya muhogo inapoweza kumsaidia au kumdanganya mtu. Mpishi wa muhogo mchungu humenya, hukatakata au huparuza, huloweka kwa siku kadhaa au huvundika, kisha humwaga maji na kuanika makopa juani. Katika mfululizo huo, kimeng'enya ni rafiki: kinaachwa makusudi kifungue sumu ili sumu itoke pamoja na maji na hewa. Panapokuwa na njaa na haraka, hatua hufupishwa, na matokeo yake yanajulikana. Ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu ghafla na usioponyeka, ulizuka wilayani Tarime, Tanzania, wakati wa ukame wa mwaka wa 1985, watu walipokula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa kikamilifu. Ulikuwa umekwisha kuelezwa huko Kongo mwaka wa 1938, na jina lake linatokana na lugha ya Kiyaka ya nchi hiyo.

Katika kitani, rafiki huyo hugeuka adui. Hakuna anayemwaga maji yaliyolowekewa kitani, kwa kuwa maji hayo yamekwisha kuwa ute, na ute ndio unaotafutwa. Sumu inayofunguliwa katika kuloweka hubaki ndani ya chakula. Saisi aliyelelewa katika nyumba inayojua kuloweka maharagwe na muhogo anaposikia "loweka kwanza, ni salama zaidi," anasikia jambo lenye mantiki kamili. Akiloweka unga wa kitani katika ndoo ya maji ya vuguvugu tangu asubuhi, kisha akampa mnyama jioni bila kuuchemsha, amefanya kwa uangalifu mkubwa kile ambacho hakikupaswa kufanywa kabisa.

Maji ya moto ni yapi?

Maelekezo mengi yaliyotafsiriwa husema tu: "changanya na maji moto." Kwa msemaji wa Kiswahili, maji moto ni maji ya kuogea, ya kunawia, hata ya kunywa mtu mwenye mafua. Hayo yote huweza kuwa vuguvugu, na vuguvugu ndiyo hali inayokipendeza kimeng'enya. Lugha imetupa ngazi nzima: maji huwa baridi, huwa vuguvugu, huwa moto, huchemka, kisha hutokota. Kitenzi kutokota, chenye sauti ya mapovu ndani yake, hakina utata. Maelekezo salama yaandikwe hivi: maji yatokote kwanza, ndipo mbegu au unga utiwe.

Mpangilio huo ndio kiini. Unga ukitiwa katika maji baridi na sufuria ikawekwa kwenye moto mdogo, chakula chote hupitia hali ya vuguvugu polepole kabla ya kufika kwenye mtokoto. Hali hiyo ikitokea, si lazima chakula kitupwe. Sianidi ya haidrojeni huchemka katika nyuzi 26 hivi za Selsiasi, kwa hiyo mtokoto mrefu katika sufuria isiyofunikwa, mahali penye hewa ya kutosha, huifukuza sehemu kubwa. Lakini ni afadhali isizalishwe tangu awali.

Kuna suala la mwinuko pia. Nakuru iko kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi, na maji huchemka huko yakiwa na nyuzi 94 tu, badala ya 100 za Mombasa. Molo, ambako ni juu zaidi, hupungua tena. Joto hilo bado latosha kukiharibu kimeng'enya, ila mbegu nzima huchelewa kulainika, na anayefuata muda uliopimwa pwani au Ulaya atajikuta na mbegu ngumu.

Farasi, punda na ng'ombe

Kwa farasi, kiasi cha desturi ni gramu 100 hivi za mbegu kavu kwa siku, kikianza na kidogo na kuongezwa kwa siku kadhaa. Uji upozwe kabla ya kulishwa, na uliobaki usiwekwe hadi kesho, kwani huchacha upesi.

Haifai hata hivyo kudhani kwamba kupika ndiyo njia ya pekee. Mbegu iliyosagwa papo hapo na kulishwa ikiwa kavu, juu ya chakula kingine, imetumiwa bila madhara, kwa sababu asidi ya tumbo la farasi hukidhoofisha kimeng'enya kabla hakijafanya kazi kubwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada walichapisha mwaka wa 2002 jaribio ambalo farasi wenye mzio wa visubi walipewa unga wa kitani kwa siku 42, takriban nusu kilo kwa siku kwa farasi wa kilo 450, na mwitikio wa ngozi ukapungua katika vipimo. Farasi walikuwa 6 tu, na kwa hivyo jaribio hilo lisitukuzwe kupita kiasi. Ila linaonyesha kwamba kanuni ni mbili zinazokubalika: kavu kabisa na mbichi ya kusagwa, au iliyotokoswa kabisa. Kinachokatazwa ni kile kilicho katikati, yaani unga mbichi uliolowa na kukaa.

Farasi wa Nakuru ni wachache, wengi wao wakiwa katika mashamba ya Njoro, Molo na Gilgil. Punda ni wengi mno kuwashinda, na tumbo la punda hufanya kazi kama la farasi, kwa hiyo yaliyosemwa hapo juu yanamhusu, kwa kiasi kinacholingana na mwili wake mdogo. Wa kuogopewa zaidi ni ng'ombe. Tumbo la kwanza la mnyama anayecheua ni pipa lenye joto, maji na asidi kidogo tu. Ni mazingira ya vuguvugu ya saa ishirini na nne. Ndama waliopewa uji wa mashudu ya kitani uliokorogwa kwa maji vuguvugu wamewahi kufa katika nchi zinazolima zao hili. Mfugaji wa maziwa wa Bahati au Rongai anayesikia sifa za kitani kwa farasi asiyachukue maelekezo ya farasi na kuyapeleka kwenye hori la ng'ombe.

Dalili za sumu huja haraka: mnyama hupumua kwa kasi, hutetemeka, huyumba, na ufizi huwa mwekundu kupita kawaida. Hapo ni kumwita daktari wa mifugo mara moja. Dawa zipo, lakini dakika ni chache.

Sufuria ya nyumbani

Kwa watu, mambo ni mepesi kidogo. Mtu mzima mwenye afya anayekula kijiko kimoja au viwili vya mezani vya unga wa kitani kwa siku, takriban gramu 15 kwa mlo, hana sababu ya hofu. Mwili huweza kuishughulikia sianidi kidogo ikija polepole. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya imeweka mpaka wa mikrogramu 20 za sianidi kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa mara moja. Hesabu inayofuata ni rahisi: mtoto wa kilo 10 hufika kwenye mpaka huo kwa sehemu moja ya saba ya kile kinachomfikisha mtu mzima wa kilo 70. Ndiyo maana desturi ya kutia kitani kibichi katika unga wa uji wa mtoto, pamoja na wimbi, soya na njugu, inahitaji kuangaliwa kwa makini kuliko inavyoangaliwa sasa. Uji huo utokote vizuri bila kifuniko. Anayependa uji uliochachishwa autie unga wa kitani wakati uji unatokota, baada ya kuchacha, asiuache ukalala na kimea usiku kucha.

Kuna njia ya Waethiopia. Telba hukaangwa kwanza katika chombo kikavu, kisha husagwa, ndipo inapochanganywa na maji kuwa kinywaji au mchuzi. Joto kavu hutangulia maji. Harufu yake ni tamu kama ya karanga, na kwa mpishi wa Nakuru ambaye tayari anajua kukaanga ufuta, hakuna jambo geni la kujifunza.

Mambo mengine yapitiwe kwa ufupi. Mbegu nzima ikimezwa bila kutafunwa hupita ilivyo, na mlaji hupata nyuzinyuzi bila mafuta aliyoyafuata. Mafuta hayo ni kiasi cha asilimia 40 ya mbegu, na zaidi ya nusu yake ni ya aina ya omega-3. Ndiyo mazuri, na ndiyo yanayoharibika upesi baada ya kusaga. Unga wa mwezi mzima kutoka kinu cha kijijini utakuwa umeanza kunuka kabla haujaisha. Maji ya kunywa yawe mengi, la sivyo ute huvimba na kuziba. Anayemeza dawa aitenganishe na kitani kwa saa moja au mbili, kwani ute huzuia dawa isifyonzwe kwa wakati wake.

Mafuta "yaliyochemshwa"

Limebaki jambo moja ambalo ni la wanafunzi wa tafsiri kuliko la wapishi. Katika maduka ya vifaa vya ujenzi huuzwa mafuta ya kitani ya kupaka mbao, na kwenye kopo huandikwa kwa Kiingereza kwamba yamechemshwa. Msomaji aliyekwisha kufunzwa, hata na makala haya, kwamba kuchemsha ndiko kunakoiondoa sumu ya kitani, ataliona neno hilo kama hakikisho. Ukweli ni kinyume. Neno hilo ni la kale la mafundi wa rangi, na mafuta ya siku hizi yametiwa kemikali za madini kama kobalti na manganizi ili yakauke haraka juu ya mbao. Yakimwagwa juu ya pumba za farasi kwa nia ya kumng'arisha manyoya, ni sumu, na hakuna mtokoto wa kuiondoa. Hata kitambaa kilichofutia mafuta hayo kikikunjwa na kuachwa pembeni mwa zizi huweza kujitia joto hadi kikawaka moto chenyewe, mahali ambapo nyasi kavu hazikosi.

Tafsiri ya neno kwa neno, "mafuta ya kitani yaliyochemshwa," haina kosa la sarufi, na inaweza kumuua mnyama. Anayemwandikia saisi wa Njoro aandike: "Mafuta ya kupaka mbao. Yametiwa dawa ya kukausha. Si ya kuliwa na mtu wala mnyama. Kitambaa kilicholowa mafuta haya kianikwe nje kikiwa kimekunjuliwa, mbali na nyasi."